Mdalasini wa Mke Mwenza

Mtu akinitilia chai yenye dalasini ya pakiti, mimi hunyamaza kwa adabu tu, lakini moyoni nachemka. Ule unga umekaa dukani hata umesahau kuwa ulikuwa mti. Mara nyingine si dalasini yenyewe, bali gome nene la mti mwingine wa ukoo huohuo, gumu, kali mdomoni, lisilo na utamu. Ninafundisha sayansi shule ya msingi Chalinze, na walimu wenzangu wameshanizoea. Chai ikichemka ofisini, natoa kwenye mkoba kijipande changu chembamba cha gome, nakivunja kwa vidole, nakitupia ndani ya sufuria. "Mwalimu na dawa zake," wananicheka. Harufu ikishapanda, vikombe vyote vinasogezwa upande wangu.

Kijipande hicho kinatoka nyumbani kwa mama, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, ndani kidogo ya njia iendayo Msata. Shamba letu linateremkia bondeni, na kule chini udongo ni mweusi na unashika maji hata kiangazi. Ni bahati hiyo tu iliyouweka mdalasini wetu hai, kwa sababu pwani yetu hii haikuumbiwa mti huo. Asili yake ni misitu ya Seilani na pwani ya kusini ya Bara Hindi, kule ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Ukoo wake ni mmoja na mparachichi, na mmoja na ule mti unaotoa karafuu maiti, yaani kafuri. Kwa hiyo parachichi la futari na kafuri ya kumpaka maiti ni ndugu. Jambo hili hunifurahisha mno, na wanafunzi wangu haliwafurahishi hata kidogo.

Acheni niusifie kidogo, maana nisipousifia mimi atausifia nani. Jani lake likikomaa ni la kijani kilichokolea, gumu, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na lina mishipa mitatu inayoanzia kwenye kikonyo na kwenda sambamba mpaka karibu na ncha. Hicho ndicho kitambulisho chake. Ukilifikicha jani hilo, hunusi dalasini, unanusa karafuu. Ukichimba mzizi na kuukwangua, unanusa karafuu maiti. Dalasini yenyewe iko kwenye gome, tena gome la ndani, ukishaondoa ile ngozi ya nje ya kijivu. Mti mmoja una harufu tatu, na hakuna inayoingilia nyumba ya mwenziwe. Nimefundisha habari za mimea miaka mingi na bado sijapata mwingine wa kunishangaza hivyo.

Majani yake machanga huzaliwa mekundu. Mvua ikipiga wiki mbili tatu, kilele chote kinageuka rangi, na mgeni akipita hudhani mti umechanua. Kumbe maua yenyewe ni madogo, ya manjano hafifu, na harufu yake, Mungu anisamehe, si ya kumkaribishia mtu. Mti uliojaliwa manukato mwili mzima, ukifika kwenye maua unanuka! Matunda ni meusi, madogo kuliko zambarau, kila moja limekalia kikombe chake, na hondohondo huyagombania kwa kelele za kuudhi.

Mti huo haukuletwa na mama. Baba yangu alikuwa na wake wawili, nyumba mbili zikitazamana kwenye uwanja mmoja. Mama yangu ndiye wa kwanza. Wa pili, ambaye sisi watoto tulimwita mama mdogo, alitoka upande wa Muheza. Alikuja na sanduku la bati, mikeka miwili, na mche wa mdalasini ndani ya kopo la samli. Mama aliuangalia ule mche na kusema neno ambalo shangazi zetu walilirudia miaka yote: "Wenzake huja na vyombo, huyu kaja na kichaka." Mama mdogo aliuchukua mche wake akaupanda nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo ardhi inaanza kuteremka.

Uke wenza ni uke wenza, sitaupamba. Walinuniana, wakasuluhishwa, wakanuniana tena. Lakini baba alipofariki hakuna hata mmoja aliyehama. Walibaki pale wawili, wakilima shamba moja, wakipika jiko moja, na kugombania chumvi. Kufikia wakati nimeanza kazi, ukimuuliza mama habari za afya yake, alikuwa anakujibu habari za goti la mwenziwe.

Mama mdogo aliuwekea mdalasini wake desturi. Hakuuza hata kipande. Kila masika alichagua matawi machache ya pembeni, membamba, akayakata kwa panga, akakaa barazani kuyamenya. Alikwangua ngozi ya nje, akachana gome la ndani kwa kisu kidogo, akalianika kwenye ungo kivulini, na lenyewe likajikunja kadiri lilivyokauka. Mwenye mzazi aliyejifungua ndani na mwenye msiba walikuwa hawarudi mikono mitupu. Wa mzazi alipewa ya uji, wa msiba alipewa ya kahawa ya matanga. Kijiji kizima kilijua. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya ng'ambo ya barabara, wakapiga hodi, wakaulizwa hali, wakapewa.

Sasa ni mwaka wa tano tangu mama mdogo afariki. Aliugua miezi mitatu na mama ndiye aliyemuuguza. Siku ya arobaini, baada ya watu kutawanyika, mama alisimama chini kule kwenye mti, akatangaza mbele yetu sote, "Mti huu hautaguswa na panga wala shoka maadamu mimi ni hai. Wala desturi ya mwenzangu haitavunjwa." Tuliitikia amina. Mimi niliona ni maneno ya heshima sana, yakanitoa machozi.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa adabu. Maana kama tawi halikatwi na mgeni lazima apewe, gome litatoka wapi? Likatoka kwenye shina. Mtu alikuja na kisu chake, mama akamsindikiza mpaka kwenye mti, akamwonyesha pa kuchukua, akamwambia, "Kidogo tu, baba, usiuumize." Na kweli walichukua kidogo, ukanda wa upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Watu wetu wana haya. Hakuna aliyerudia kidonda cha mwenziwe, kila mmoja alianzia pale alipoishia aliyetangulia. Kwa adabu hiyo, kwa wazazi wote na misiba yote ya miaka ile, waliuzunguka mti.

Mimi nilipita pale kila likizo. Mimi, ninayechora ubaoni kila mwaka shina la mti na mishale ya chakula inayoshuka kutoka kwenye majani kupitia kwenye gome! Ninayewaambia watoto kwamba mti uliobanduliwa gome pande zote ni mti uliofungwa koo. Nilipita, nikanusa, nikasifia, nikachukua kijipande changu nami, nikaenda zangu. Elimu nyingine hubaki ubaoni na vumbi la chaki.

Nilishtuka likizo moja ya Desemba. Vuli ilikuwa imenyesha vizuri, mihogo imesimama, lakini mdalasini haukuwa na wekundu wowote kileleni. Majani yalikuwa madogo, yamefifia. Nikauzunguka ule mti kwa mkono, nikipapasa. Mti mtupu, mkavu, mti mtupu, kovu, mti mtupu. Upande wa bondeni, mahali pabaya pa kusimama kwa sababu ya mteremko, ndipo palipobaki gome zima. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vilienea vinne.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo unakufa?"

"Unakufa, mama."

Mama akageuka kutazama bondeni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Utakufa mikononi mwangu mimi." Nilimwona mama yangu, mwanamke ambaye sijapata kumwona akiogopa nyoka wala mtu, akiwa ameogopa. Mti mwingine hatukuwa nao. Mwaka wa kwanza baada ya msiba alikuwa ameokota mbegu, akazianika juani siku nyingi kama mbegu za mahindi, akazihifadhi kwenye chupa hadi masika. Haukuota hata mche mmoja. Mbegu za mdalasini hazina subira, ukiziweka zinakufa. Hilo nalo nililijua na sikumwambia kwa wakati.

Niliporudi Chalinze nilipitia Msata kubadilisha gari, na pale njia panda kuna mzee mmoja wa Muheza anayewauzia viungo abiria wa mabasi ya Tanga. Nilimsimulia hali ya mti wetu nikitegemea anihurumie. Alinicheka mpaka akashika meza yake.

"Mwalimu, mmeumenya umesimama?"

"Ndiyo. Hatukutaka kuukata."

"Basi ndiyo mmeuua kwa huruma. Mdalasini hukatwa, mwanangu. Kwetu shamba zima tunakata chini, hapa, kwenye kifundo cha mguu. Kikibaki kisiki, masika kinatoa vijiti hata kumi. Unaacha vitano, baada ya miaka miwili unakata tena. Mabibi zetu wameukata mti mmoja maisha yao yote na ungalipo."

"Na wetu, ukikatwa sasa?"

"Chini ya vidonda gome ni zima?"

"Zima."

"Ukateni mvua zikianza. Mkiuacha, ukikauka mpaka mzizi, hapo tena ni kuni." Akanifungia iliki ya bure, nadhani kwa kunisikitikia akili.

Nilimpigia mama simu palepale. Nikamweleza yote kwa furaha, nikidhani nimempelekea dawa. Akanijibu, "Sikati," akakata simu.

Mwezi Machi nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikaenda. Tuligombana, na mimi nikigombana huwa sichagui maneno. Nilimwambia anang'ang'ania kiapo kuliko kitu alichokiapia. Nilimwambia mama mdogo mwenyewe alikuwa akikata matawi kila mwaka na hakuna aliyemwona mkatili. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Yeye ulikuwa wake," alisema. "Angeweza kuukata. Mimi siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Mimi siwezi, mwanangu. Usiniulize."

Kesho yake asubuhi, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kwenye makuti, ikapigwa hodi. Alikuwa jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo. Binti yake alikuwa amejifungua salama alfajiri ile. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaulizana hali ya mzazi, ya mtoto, ya mvua. Kisha akatoa kisu kwenye upindo wa kanga akasema anaomba kidogo ya uji.

Mama akanitazama. Mimi nilimtazama yeye. Kilichobaki mtini ni vile vidole vinne, na uji wa mzazi mmoja unataka viwili. Huyu akipewa na mwingine akapewa, wa tatu atapewa nini? Na akinyimwa, mama atakuwa amemrudisha mtu mikono mitupu mlangoni kwa mwenziwe kwa mara ya kwanza tangu mti ule uwe mti. Nilikuwa tayari kusema mimi ile hapana, nibebe mimi lawama. Nilifungua mdomo.

"Kaa, mama wee, unywe chai," mama akamwambia jirani. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika shoka la baba, amejifunga kibwebwe. Akatangulia bondeni bila kutuita, nasi tukamfuata.

Nilitaka kumpokea shoka, maana ana umri wa kupokewa. Alinisukuma kwa kiwiko. Akasema bismillahi, akapiga chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu, kama nilivyomweleza siku ile kwenye simu aliyonikatia. Alipiga, akapumzika, akapiga. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, na jirani yetu, masikini, alikuwa amesimama na kisu chake akisema, "Jamani, ningejua nisingekuja." Mti ulianguka taratibu upande wa bondeni. Harufu iliyotoka pale sijui niieleze vipi. Karafuu ya majani yaliyopondeka na dalasini ya gome bichi zilipanda pamoja, na kutoka chini, shoka lilipogusa mzizi, ikaja kafuri. Nilikuwa na hasira na huzuni, na bado nilisimama nikivuta pumzi kama mwenye njaa.

Siku ile tulimenya mpaka magharibi. Likiwa bichi na la masika, gome la dalasini halisumbui, linaachia mti kwa kisu kidogo tu. Matawi yote membamba yaliyokuwa juu, ambayo hakuna aliyeyagusa miaka mitano, yalitoa gome laini kuliko lolote tulilolichana shinani. Mzazi alipelekewa la siku zote arobaini za uzazi. Waliokuwa na msiba walipelekewa. Wasio na mzazi wala msiba walipelekewa pia, na mama alihakikisha kila aliyepokea ameambiwa, "Mti umekatwa. Nimeukata mimi."

Nilirudi kazini nikiwa na wasiwasi kuliko yeye. Kila nilipopiga simu nikamuuliza kisiki kikoje, alinijibu habari za kunde. Wiki ya tano nikashindwa, nikaenda. Nilishuka bondeni hata kabla ya kumwamkia. Kisiki kilikuwa kimezungukwa na machipukizi, nikahesabu tisa, majani yake mekundu, laini, yamelegea kama masikio ya mbuzi mchanga, na kila jani, hata lile dogo kabisa, lilikuwa na mishipa yake mitatu. Nilipiga kelele peke yangu.

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu na jembe. "Shikamoo, mama. Si nilikwambia!" nikasema. "Si nilikwambia utachipua!"

"Marahaba. Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

Aliinama akang'oa gugu karibu na kisiki, kisha jingine. "Niliwahi kuukata," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaendelea palepale alipoinama, akiongea na majani. Mwaka wa pili tangu mwenziwe aolewe, mche umefika kiunoni, mama mdogo alikwenda kisimani mchana. Mama alitoka na panga akaukata pigo moja. Mwenziwe aliporudi, akamwambia ni mbuzi. Mama mdogo aliamini, au alionekana kuamini. Alisuka uzio wa miti kuuzunguka, akamwagilia kisiki, na mwezi haukuisha kikawa na majani mekundu. Uzio ule wa mbuzi naukumbuka mimi mwenyewe, tulikuwa tukiuruka tukicheza. Tuliambiwa zamani palikuwa na mbuzi mmoja mharibifu.

"Alipokuwa anaumwa," mama akasema, "wiki ile ya mwisho, nilikuwa namkanda miguu. Akaniambia, 'Dada, yule mbuzi wako alikata mshazari.' Akacheka. Miaka yote ile alikuwa anajua, na alinipa dalasini ya uji nilipokuzaa wewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nikaendelea kumkanda. Nilitaka nimuombe radhi, ulimi ukawa mzito. Nikasema kesho." Akanyooka, akashika kiuno. "Ijumaa ile akafa."

Mwalimu mzima, na maneno yote niliyokuwa nimemrushia kuhusu kiapo chake yakanirudia moja moja. Nilitaka kumshika mkono lakini ulikuwa na udongo na jembe.

"Mara ile niliukata nimejificha," mama akasema. "Mara hii nimeukata mbele za watu, nao nimewaambia ni mimi. Sijui kama inatosha."

Kisha akaniuliza yule mzee wa Msata alisema tuache vijiti vingapi, na nikamwambia vitano. Aliviangalia vyote tisa, kimoja kimoja, akashindwa kuchagua cha kung'oa.